Anza na Chumba Chako



Leo tuko Nehemia sura ya 3, ile sura ambayo wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Fulani mwana wa fulani alijenga hapa, baada yake fulani akajenga pale. Isome polepole. Ukuta uliokuwa magofu kwa zaidi ya miaka 100 ulimalizika kwa siku 52, na hakuna aliyepewa ukuta mzima. Wengi walijenga kipande kinachoelekea nyumba zao. Mstari wa 30 yuko Meshulamu, ambaye alijenga mkabala na chumba chake. Chumba, si nyumba. Wewe unayeishi chumba kimoja pale kwa ploti, umetenga kitanda na pazia, huyo ni ndugu yako.

Nayasema haya kwa sababu tukipanga ushirika wa nyumbani, kuna jibu ninalolisikia mara nyingi mno: "Pasta, kwangu msije kwanza, nyumba haijakaa vizuri." Wengine wamejifungua juzi. Wengine wamefiwa. Mmoja alituambia hivyo akiwa mgonjwa, nasi tumesimama nje na unga na sukari mkononi. Tukaombea hapo mlangoni. Nilirudi kwangu nimeumia, kwa sababu yule dada alihitaji mtu wa kumpikia uji na kukaa naye, lakini vyombo visivyooshwa vilikuwa vimekuwa kufuli.

Wako wahubiri ambao hapo wangemkemea. Mimi sitafanya hivyo. Sura ya 4 mstari wa 10, watu wa Yuda wanasema waziwazi kwamba wabebaji wameishiwa nguvu na kifusi bado ni kingi. Hawa ni watu wa Mungu, wako ndani ya mapenzi ya Mungu, na wamechoka. Mama aliyetoka kazini saa moja usiku, amepanda matatu mbili, hahitaji kuambiwa ana roho ya uvivu. Anahitaji mtu wa kushika ndoo.

Basi tufanye kama Meshulamu. Chagua mahali pamoja tu. Mimi ningeanza na kile kiti. Unakijua. Kila nyumba ina kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu Pasaka kwa sababu ya nguo. Weka nyimbo mbili za kuabudu kwenye simu, kunja nguo zikiimba. Nyimbo zikiisha, acha, hata kama zimebaki. Kesho kuna nyimbo nyingine.

Funguo zipate msumari wao mlangoni. Ukiinuka kwenda jikoni, usiende mikono mitupu, beba kikombe kimoja. Viatu vya mtoto vilivyomwisha visirudi chini ya kitanda, viweke kwenye mfuko karibu na mlango na Jumapili uje navyo. Kanisani hakukosi mguu wa kuviingia.

Halafu karatasi. Hapa nawaomba mnisikilize sana, kwa sababu mchungaji huitwa kwenye nyumba siku ambazo karatasi hutafutwa. Mtu amelazwa, au amelala katika Bwana, na familia inapindua godoro ikitafuta kitambulisho. Nunua bahasha moja kubwa ya kaki. Ndani weka vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, nakala za vitambulisho, risiti za karo, na kama kuna shamba, hati yake. Andika juu kwa kalamu nzito. Kisha mwonyeshe mwenzako ilipo, na mtoto mkubwa pia. Bahasha ambayo baba peke yake anajua ilipo haijasaidia mtu. Kazi hii ni ya jioni moja, na kama una nguvu ya jambo moja tu mwezi huu, acha kiti, fanya hii.

Akina baba, msipite haraka. Mstari wa 12 kuna Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, akijenga pamoja na binti zake. Mkuu! Na mstari wa 14, lango la jaa, mahali pa kutolea taka za mji, lilijengwa na kiongozi mwingine, Malkiya mwana wa Rekabu. Kwa hivyo ndugu mzee wa kanisa, kutoa takataka hakukushushi cheo.

Jambo moja kuhusu vile vikombe. Mnavijua, vya maua, vilivyo kwenye kabati la sebuleni vikingoja wageni. Vitoeni, watoto wanywe chai navyo. Nafasi itakayobaki hapo ndiyo inayoitoshea bahasha.

Na ninyi viongozi wa ushirika: mkifika kwa mtu na nyumba haijakaa vizuri, msiangaze macho huku na huku. Akina dada wawili waingie jikoni bila kutangaza, kaka mmoja achote maji, wengine waimbe. Yule dada mgonjwa tutarudi kwake Alhamisi hii. Nimempigia simu, amesema tuje, ila tusitazame upande wa dirishani. Tumekubaliana.