Kifungu cha Tisa

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, simu yangu haipumziki. Majirani, shemeji zangu, hata mwalimu aliyenifundisha Kiswahili sekondari, wananitumia picha ya mchezaji aliyeshika jezi mpya na swali lilelile: "Mhasibu, huyu vipi? Tumepata au tumepigwa?"

Jina la Mhasibu limeniganda tangu nilipokuwa mweka hazina wa klabu moja ya Ligi Daraja la Kwanza hapa Tanzania. Huwa najibu kwa mstari mmoja, tunacheka, yanaisha. Lakini siku hizi lile neno "tumepigwa" linanikera kidogo. Tumepigwa sisi, yaani klabu na mashabiki. Katika miaka yote hii hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kama mchezaji ndiye aliyepigwa. Na mimi ninayeandika haya nimewahi kumpiga mmoja, kwa kalamu.

Ilikuwa mwaka 2013. Kamati ya usajili tulikuwa watu watano, tukikutana nyuma ya hoteli ya Mwenyekiti, kwenye meza ya plastiki iliyokuwa ikiyumba. Fedha za usajili zilikuwa milioni 12, michango ya wafanyabiashara wa sokoni na wapenzi wa timu. Kwa fedha hizo tulitakiwa kupata kikosi cha kupanda Ligi Kuu.

Mwenyekiti alikuwa na msemo wake: mpira ni kamari. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma *Moneyball*, kitabu cha Michael Lewis cha mwaka 2003 kuhusu Oakland Athletics, timu ya besiboli ya Marekani isiyokuwa na hela, na meneja wake Billy Beane aliyesaka wachezaji ambao soko liliwadharau bila sababu ya msingi. Nilikisoma mara mbili. Nikaingia kikaoni na kompyuta mpakato na jedwali, nikawaambia wazee wale kwamba mpira ni hesabu.

Jedwali langu lilikuwa na safu sita: umri, mechi, mabao, dau, mshahara na majeraha. Aliyeongoza alikuwa straika mmoja wa miaka 28. Jina lake sitalitaja. Aliwahi kucheza Ligi Kuu, akafunga, akaumia goti, akaachwa. Bei yake ilikuwa imeshuka: milioni 3 za usajili na mshahara wa 350,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa kiwango kile, ilikuwa bei ya kutupa.

Kocha hakumtaka. Alisema kwa hela hiyo tungeweza kuchukua vijana watatu wa mtaani, na kwamba kijana hupanda bei akikua ilhali mkongwe hushuka kila asubuhi anapoamka. "Na lile goti, Mhasibu, umelipa alama ngapi kwenye hilo jedwali lako?"

Ilikuwa hoja nzito. Tukamleta straika kwa majaribio. Akafunga mawili katika dakika 40, moja kwa kisigino, na wazee wakaanza kupiga hesabu za Ligi Kuu. Mtu wa huduma ya kwanza wa timu, muuguzi mstaafu, akaliminya goti, akalikunja, akalikunjua, akasema analiona liko sawa, ila kujua kwa uhakika ni lazima lipigwe MRI. Kipimo, nauli ya kwenda Dar es Salaam na malazi, jumla ingefika kama laki 4. Zaidi ya mshahara wake wa mwezi mmoja.

Hapo ndipo nilipotoa wazo langu, na nakumbuka jinsi nilivyojisikia mjanja. Nikasema: laki 4 za nini? Badala ya kulipia kipimo, tuweke kifungu kwenye mkataba. Mchezaji akipata jeraha litakalomweka nje kwa zaidi ya siku 30, klabu iwe na haki ya kusitisha mshahara mpaka atakaporudi uwanjani. Goti likiwa zima, tumepata straika. Likiwa bovu, hatutakuwa tumepoteza sana.

Mwenyekiti akanipigia makofi. Kikawa kifungu cha tisa.

*

Nimetumia miaka kuelewa kitu tulichokifanya pale mezani. Hatari ya lile goti haikupungua hata chembe. Ilibaki ileile, tukaiondoa kwenye daftari la klabu na kuiweka mfukoni mwa mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko sisi sote wa kuibeba. Tungeweza kujua kwa laki 4. Tukachagua kutojua, kwa kuwa kutojua kwetu angekuja kukulipia yeye.

Klabu kubwa nazo hukosea, tena kwa mabilioni. Mtanzania yeyote anayefuatilia mpira anakumbuka mambo ya Mbwana Samatta. TP Mazembe walimchukua kutoka Simba mwaka 2011, akiwa kijana, na mwaka 2015 wakabeba naye Ligi ya Mabingwa Afrika. Genk ya Ubelgiji ikamsajili Januari 2016, na msimu wa 2018/19 akaifungia mabao zaidi ya 20 ya ligi, wakawa mabingwa. Januari 2020 Aston Villa wakampa mkataba wa miaka minne na nusu. Akafunga mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Fenerbahçe kwa mkopo. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni timu, kocha, mfumo, na presha ya klabu inayopigania isishuke daraja. Mchezaji si gunia la mchele kwamba ukilihamisha kutoka Mbeya kwenda Tanga kilo zitabaki zilezile.

Lakini kisa ninachokirudia zaidi ni cha Nwankwo Kanu, maana nacho kinahusu mwili na kipimo. Mwaka 1996 Inter Milan walimnunua kutoka Ajax. Alikuwa ameshachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka uliotangulia, na kiangazi hicho akiwa nahodha wa Nigeria akarudi na dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta. Madaktari wa Inter wakampima. Wakakuta vali ya moyo ina kasoro. Ilionekana mpira umekwisha, na akiwa na miaka 20 tu. Novemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji Marekani, akapona, akarudi uwanjani mwaka 1997 akiwa bado mchezaji wa Inter.

Kwa jedwali langu la 2013, Inter walipigwa: mechi chache, mabao ya kutafuta kwa tochi. Ila kwa kuwa walipima, kijana alibaki hai. Tuliomwona Marc-Vivien Foé wa Cameroon akianguka katikati ya uwanja kule Lyon, Juni 2003, akiwa na miaka 28, akafa kwa moyo, tunajua moyo usiopatiwa tiba unaweza kufanya nini.

Halafu mwanzoni mwa 1999 Arsenal wakamnunua Kanu wakiujua moyo ule vizuri kabisa. Waliitazama hatari, wakaikubali, na gharama ya kukosea ingekuwa yao. Oktoba mwaka huo, Chelsea wakiongoza 2-0, Kanu akafunga matatu peke yake, la mwisho kutoka pembeni ambako hata kupiga krosi ni shida. Akaendelea kucheza Uingereza miaka mingi, na mwaka 2008 bao lake ndilo lililoipa Portsmouth Kombe la FA.

Baadaye nilikuja kusoma kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Nilisoma nikiwa nimechelewa, kama kawaida ya binadamu. Zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea matokeo ya vipimo vya afya. Maana yake ni kwamba kupima ni kazi ya klabu, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ukishasaini umesaini, na kilichomo ndani ya goti kimekuwa chako pia. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu.

*

Goti liliachia mechi ya tano, mwezi wa kumi. Hakuguswa na mtu. Aligeuka kuufuata mpira, akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Tukamchangia nauli ya hospitali. Mpaka hapo alikuwa ametufungia mabao mawili.

Siku 30 zilipopita, nikasitisha mshahara. Sikuhitaji hata kikao, kifungu kilikuwa kinajieleza.

Alikuja ofisini mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kwa magongo, amevaa shati lililopigwa pasi. Akanisalimia kwa heshima, akaulizia familia yangu. Kisha akasema mshahara wake haujaingia, labda kuna tatizo benki. Nikautoa mkataba kwenye faili, nikamwonyesha kifungu cha tisa. Akakisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia.

"Kaka," akasema, "hiki nilikisaini mimi?"

"Sahihi yako ile pale."

Akaitazama sahihi yake. "Ni kweli. Nilisaini mimi. Nilikuwa na miezi saba sijapata timu, kaka, ningesaini chochote. Lakini aliyeandika ni nani?"

Sikumjibu. Nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Mwishowe nikatoa 20,000 mfukoni mwangu, nikamwambia ya nauli. Akaipokea kwa mikono miwili, na ile mikono miwili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne ni miezi sita. Klabu iliokoa 2,100,000. Kwenye ripoti yangu ya mwisho wa msimu nikaandika kiasi hicho chini ya "akiba iliyotokana na usimamizi wa mikataba". Hatukupanda daraja. Mwenyekiti akasema si unaona, mpira ni kamari. Mwaka uliofuata nikajiuzulu, nikasingizia kazi.

*

Nilikutana naye tena mwaka 2021, kwenye uwanja wa shule ya msingi, akifundisha watoto. Anachechemea. Nilimwona kabla hajaniona, na nikiri kwamba nilitaka kugeuza njia. Akaniwahi: "Mhasibu!" Akacheka kabisa, akanishika mkono. Nilianza kumwambia yale niliyokuwa nimejiandaa kuyasema kwa miaka minane, akanikatisha. "Hayo yaache kwanza. Wewe unajua mikataba. Kuna kitu nataka unisomee."

Alikuwa na kijana wa miaka 17, winga, na klabu fulani ilikuwa inamtaka. Tukakaa kwenye tofali chini ya mwarobaini, mimi, yeye, kijana na mama yake. Mkataba ulikuwa wa kurasa nne na muda wake miaka mitano. Nikawaambia kwamba kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Nikaendelea kusoma. Ukurasa wa tatu nikakutana nacho, kwa maneno mengine na kwa namba nyingine: akiumia zaidi ya wiki nne, malipo yanasimama.

Nikanyamaza kidogo. Yeye akaniangalia tu. Alishajua kipo, ndiyo maana aliniita.

Tukapigia klabu simu. Muda ukashuka mpaka miaka mitatu bila ubishi. Kipimo wakakubali kulipia wao, kabla ya kusaini. Kifungu chenyewe kikavutana siku tatu, na mtu wa upande wa pili alikuwa na hoja zangu zote za 2013, moja baada ya nyingine, karibu kwa sauti yangu. Klabu ndogo, haina hela, mpira una majeraha, hatari ni kubwa. Nikamwambia kila alichosema ni kweli, na ndiyo maana haiwezekani ibebwe na mtoto. Wakaishia kwenye nusu mshahara na matibabu mpaka atakapopona. Haikuwa yote tuliyoitaka. Mama akaniuliza, "Baba, nisaini?" Nikamwambia sasa unaweza ukaisaini kwa macho yaliyofunguka. Akasaini yeye, kisha mwanawe chini yake.

Tulipokuwa tunaondoka nikajaribu tena kuomba radhi. Straika akanisikiliza mpaka mwisho safari hii. Akasema, "Nimekusikia, kaka." Hakusema amenisamehe, na sikumdai neno hilo.

Basi, juzi dirisha limefunguliwa tena na simu imeanza. "Mhasibu, huyu vipi?" Siku hizi jibu langu ni maswali mawili, na watu wanadhani natania. Amepimwa? Na akiumia, nani analipa?