Kofi Tulilokubaliana

Kofi la jukwaani, kwa nyinyi ambao hamjawahi kupigwa moja, lina siri: mlio hautoki shavuni. Mkono wa mwenzako unapita hewani, mbali kidogo na uso, na wewe unayepigwa ndiye unayetoa sauti kwa kugonganisha viganja mahali ambapo hadhira haioni. Ukivutwa nywele, mwenzako anaweka tu ngumi juu ya kichwa chako, wewe unaishika kwa mikono miwili, unaibana hapo, halafu unajiburuta mwenyewe ukipiga nduru. Yaani anayepigwa ndiye dereva. Anayepiga ni abiria mwenye makelele.

Mwelekezi wetu alitufunza haya kwa siku mbili nzima kabla ya ziara ya setibuku, ile ya kuzunguka shule za upili tukiigiza katika kumbi za kulia chakula, meza zikiwa zimesukumwa kando. Mimi nilikuwa mke. Mwenzangu, jina lake libaki kwao, alikuwa mume anayerudi amelewa. Tulikubaliana hivi: tunatazamana machoni, nashusha bega la kushoto, ndipo mkono uje. Bega lisiposhuka hakuna kofi. Anasema mstari wake na tunasonga.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa fiti. Halafu tukafika shule moja ya wavulana huko Murang'a, na ukumbi ukalipuka. Sijui kama umewahi kusikia mamia ya wavulana wakishangilia mwanamke akipigwa. Ni kelele inayompandisha mtu damu, na niliiona ikimwingia. Onyesho lililofuata, vidole viligusa sikio langu. La baadaye, kiganja chote. Kisha akanishika shingo, kitu ambacho hakikuwa kwenye mchezo hata kidogo.

"Siz, nilikuwa ndani ya mhusika," aliniambia kwa gari. "Ilinijia tu."

Nimeifikiria sana hiyo "ilinijia tu". Roho ya sanaa ilimjia mkononi kila mara, na kila mara ikatua kwa uso wangu. Kwenye tukio hilo hilo alitakiwa kuanguka na kujigonga kwenye kona ya meza. Hakuna siku roho ilimjia aigonge kikweli. Ile kona aliikwepa kwa ustadi, ziara nzima.

Wapo watakaosema huo ndio uhalisia. Lakini mtu akikupiga kweli, unaacha kuigiza. Unaanza kuhesabu mkono uko wapi na utatokea upande gani. Nilikuwa nimejitayarishia uso wa mke anayeaibika mbele ya mama mkwe, uso nilioupenda kuliko kitu chochote kwenye kazi ile. Ulipotea. Nilikuwa bize kujikinga.

Ni wakati huo niliposoma kuhusu Profiles, ukumbi mdogo wa maigizo kule Chicago. Mwaka 2010 waliigiza Killer Joe, mchezo wa Tracy Letts, na wahakiki wakausifu kwa ukatili wake ulioonekana wa kweli. Mwaka 2016 gazeti la Chicago Reader lilichapisha uchunguzi mrefu ambamo waigizaji walieleza kwamba mapigano yaliyopangwa yaliachwa njiani, na kwamba majeraha yalikuwa ya kweli. Siku chache baadaye ukumbi ukafungwa. Miaka sita, wasee! Watu walikaa viti vya mbele, wakatazama, wakapiga makofi, wakaenda zao. Mwaka 2017 wasanii wa mji huo wakatoa mwongozo wa hiari. Mambo yenyewe ni ya kawaida kabisa: mapigano yarudiwe kabla ya kila onyesho, na waigizaji wasio na chama wamteue mwenzao wa kupeleka malalamiko.

Sisi tulikuwa na meneja wa jukwaa ambaye pia aliuza tiketi na kushona vifungo. Basi nikamwendea prodyusa mwenyewe. Ama tupitie lile kofi polepole dakika tano kabla ya kila shoo, ama atafute mke mwingine.

"Madam, shoo ni saa nne. Malizaneni huko nyuma."

Nikarudi kwa gari, nikakaa. Tulilipwa kwa shoo, na landlodi wangu wa Umoja hajui neno sanaa, kwa hivyo usinipe sifa za ushujaa. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Aliyeigiza mama mkwe akaja, akafungua mlango, akavua kilemba na kuketi kando yangu. "Songa, mwanangu," alisema. "Hata mimi miguu inaniuma." Bila mke pengine wangebahatisha. Bila mke na mama mkwe hakuna mchezo, na shule ilikuwa imeshalipa.

Dakika tano zikapatikana. Jamaa alinuna, lakini alifuata: macho, bega, mkono. Na wavulana wakashangilia vilevile. Kelele ileile! Kutoka benchi la tatu hakuna aliyeona tofauti. Nilipogeuka kumtazama mama mkwe, ule uso ulikuwa umerudi.

Siku hizi nikipigiwa simu kuhusu kazi, nauliza pesa, halafu nauliza nani anaandika ripoti ya kila onyesho. Kuna wanaokata. Kuna wanaouliza ripoti ni nini, na hao huwa tunaongea.