Wosia kwa Wafasiri na Wakalimani Vijana

Wanangu,

Umri umenitaka nipumzike, macho hayawezi tena kukesha na matini, na kazi hii naiacha mikononi mwenu. Mali ya kuwarithisha sina. Nina neno moja, nawaomba mlishike: msiuze ujuzi wenu kwa bei ya kutupa.

Mmeingia kazini wakati Kiswahili kimepanda daraja. SADC ilikikubali kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Mwaka 2021 UNESCO ilikitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na hapa Tanzania sheria ikabadilishwa ili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Lakini heshima hiyo bado haijafika mfukoni mwa anayeitumikia lugha. Nawaona vijana wenye shahada na kalamu safi wakikubali nusu ya bei ya neno waliyolipwa waliowatangulia, kwa sababu wakala kawaambia wapo wengine wanaosubiri.

Pigeni hesabu. Mfasiri makini humaliza maneno kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Akipewa karatasi ya maelezo ya dawa, huisoma yote kwanza, hutafuta istilahi, humpigia simu mfamasia pale asipoelewa kipimo, kisha huilinganisha tafsiri na matini chanzi sentensi kwa sentensi. Mlipe nusu, naye itambidi afanye maneno mara mbili ili apate riziki ile ile. Kitu cha kwanza kuachwa ni usomaji wa pili. Inafuata simu ya mfamasia, halafu kamusi. Mwisho anaipitisha karatasi kwenye mashine, anarekebisha viambishi, anaituma. Inamfikia mama mwenye mtoto mgonjwa, ambaye hana Kiingereza cha kulinganishia. Yeye ndiye anayelipa ile nusu iliyobaki.

Kwenye ukalimani ni hivyo hivyo. Kibandani hukaa watu wawili wakipokezana kila baada ya dakika 30 hivi, maana akili inayosikiliza huku inasema huchoka upesi. Siku hizi mteja anataka mkalimani mmoja kwa mkutano wa kutwa, na anampata. Uchovu ukimwingia, tarakimu zinaanza kupotea, halafu majina, halafu sentensi nzima. Wajumbe wanavua visikizi na kusema Kiswahili hakitoshi. Lugha inabeba lawama, na kosa lilikuwa kwenye mkataba.

Nawaambia hasa nyinyi mlio hodari, kwa kuwa nyinyi ndio mnaoweza kuliharibu soko kuliko wababaishaji. Kazi mbovu ya bei ya chini hujitangaza yenyewe, na mteja hujifunza. Kazi nzuri ya bei ya chini humthibitishia kwamba hiyo ndiyo bei, naye atawadai hivyo wote watakaokuja nyuma yenu. Hapo wazoefu wanaondoka, mmoja akafundishe, mwingine aingie ofisini. Ufundi huu hurithishwa kwa kusahihishwa. Wazoefu wakiondoka, nani atachukua kalamu nyekundu akae na kijana anayeanza?

Najua mwenye njaa hana miiko, wala simlaumu mwenye watoto wa kulisha. Lakini tenganisheni sadaka na biashara. Mgonjwa akikuletea ripoti ya hospitali naye hana kitu, mtafsirie bure, na useme wazi kwamba ni msaada. Sadaka haishushi soko, kwa kuwa hakuna anayeihesabu kuwa bei. Kinachoshusha ni nusu bei. Na mteja wa kweli akiwa na fedha pungufu, punguzeni kazi: kurasa chache, muda mrefu zaidi, mpangilio wa kurasa aufanye mwenyewe. Thamani ya neno iacheni palepale.

Andikeni mikataba, hata kwa kazi ya ukurasa mmoja. Mwaka 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO, uliofanyika Nairobi, ulipitisha pendekezo la kuwalinda wafasiri na kuinua hadhi yao: malipo ya haki, makubaliano ya maandishi, muda wa kutosha, na jina la mfasiri kutajwa kwenye kazi yake. Lilipitishwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Lisomeni, mlitaje mnapozungumza na mteja.

Na bei msifichane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfasiri wa Mombasa akijua wa Dodoma analipwa kiasi gani, wakala hatapata pa kuwagonganishia. Anayewaambia kuulizana malipo ni utovu wa adabu anailinda faida yake. Kutaneni, kubalianeni kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake, na mwenzenu akikataa kazi ya kudhalilisha, asitokee kati yenu wa kuidaka.

Lugha nimewaachia ikiwa na nguvu. Itunzeni kwa kuwatunza wanaoifanyia kazi. Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali, na ujasiri wa kuitaja bei yake bila kuinamisha uso.

Ni mimi mzee wenu.