Kababu za Kuoka, Bila Mkate

Huku kwetu Mbugani, Kyela, mchele ni heshima ya nyumba. Tunaulima, tunauuza, na mgeni wa maana hupikiwa wali. Ndiyo maana baba wa nyumba akiambiwa ana kisukari, kinachomtisha kwanza si dawa, ni sahani yake.

Nyumbani kwetu habari hiyo ilifika miaka sita iliyopita. Kwa uuguzi wetu tulijua kwamba kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga gramu 45 hivi, na kipande cha mkate gramu 15 hivi, na kwamba wanga huo hugeuka sukari katika damu. Lakini kujua si kupika. Tunapotembelea wagonjwa na akina mama wa kanisa, mara nyingi tunakuta mgonjwa amepikiwa pembeni, mboga za kuchemsha katika kisufuria chake. Anakula peke yake kama aliyeadhibiwa, na usiku anakwenda kufunua sufuria la wali. Sisi tuliamua kwamba kitoweo kiwe kimoja kwa nyumba nzima.

Kababu zilitusaidia sana. Kwa kawaida hutiwa mkate ili zishikane, kisha hukaangwa katika mafuta mengi. Sisi tunaacha mkate, na tunaoka.

Mahitaji:
Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo
Yai 1
Mchicha uliochemshwa, ukakamuliwa sana na kukatwakatwa, kikombe nusu
Kitunguu maji 1 na vitunguu saumu punje 3
Tangawizi, pilipili manga na ndimu kidogo
Chumvi nusu kijiko cha chai

Changanya vyote, kanda kwa mkono mpaka vishikane, kisha viringa vidonge vya ukubwa wa ndimu. Paka sufuria nzito mafuta kidogo, panga kababu bila kuzibananisha, funika. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Baada ya dakika 15 zigeuze, uache dakika 10 hadi 15 tena. Vunja moja: isiwe na wekundu ndani. Nyama ikisagwa, vijidudu vya juu huingia mpaka katikati, kwa hiyo ni lazima iive kabisa.

Sahani ya baba iwe nusu mboga za majani, robo kababu, na robo iliyobaki wali. Watoto wanaokua waongezewe wali wao.

Tahadhari moja, mama. Kababu haziponyi kisukari. Mgonjwa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kuongea na mganga wake, maana sukari inaweza kushuka mno. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho au anachanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, kisha mpeleke kituo cha afya. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

Kwetu baba hunung'unika akiona robo yake ya wali, na hatumlaumu. Mchele wa Kyela unanukia. Lakini anainung'unikia mezani, katikati ya watoto wake, na kababu anaomba aongezewe.