Mzigo Mmoja, Mizani Miwili

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi nilichelewa kuuliza, nusura nijute maisha yangu yote.

Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili, nilirekodi kwa video masimulizi ya wazee wa pwani. Mmoja wao, fanani mwenye sauti ya kukwaruza na kumbukumbu pevu, alifariki dunia kabla sijamaliza kunukuu masimulizi yake. Rekodi zile zikawa amana. Nilizinakili katika hifadhi kuu ya data ya chuo, nami nikasalia na diski niliyoazima kwa mwenzangu, ambayo sikuwa na budi kuirejesha ikiwa tupu.

Miezi mitatu baadaye, siku ya kuifuta ile diski, nilitazama kwanza folda yangu hifadhini. Mstari wa kwanza ulisema ukubwa wake ni gigabaiti 160. Wa pili ukasema nafasi inayokaliwa diskini ni gigabaiti 2. Moyo ulinilipuka. Je, sauti ya marehemu ilikuwa imekwenda wapi?

Nilimkimbilia mama mmoja, fundi wa mitambo ile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu.

"Mwanangu, hapa hakuna mwizi. Umesoma majibu ya maswali mawili ukadhani ni swali moja."

Alinieleza kwamba hifadhi za taasisi kubwa aghalabu huwa na matabaka. Tabaka la juu ni la diski za kasi, ambazo ni ghali. La chini ni la diski za polepole au kanda za sumaku, ambazo ni nafuu. Faili isiyoguswa kwa muda huteremshwa chini, na juu husalia kielekezi kidogo chenye jina lake, ukubwa wake wa asili na mahali ilikopelekwa. Mstari wa kwanza ulipima faili zenyewe. Wa pili ulipima kilichosalia tabaka la juu tu.

"Na mbona diski hii imeandikwa terabaiti 1, ilhali tarakilishi yangu husoma gigabaiti 931?" niliuliza.

"Kiwanda huhesabu kwa 1000, tarakilishi yako kwa 1024. Wewe husemi saa mbili asubuhi, na saa ya ukutani ikaonyesha nane? Jua ni lile lile."

Nilishusha pumzi, nikataka kuondoka. Akanizuia.

"Usifute bado. Tarakimu hukwambia ukubwa, haikwambii uzima. Fungua usikilize."

Nilibofya faili ya marehemu. Ilikawia, kwani ilikuwa ikipandishwa kutoka chini. Kisha nikamsikia akikohoa, kama alivyokohoa siku ile barazani kwake, akaanza kusimulia. Machozi yalinilengalenga.

Kwa siku mbili nilizifungua zote, moja baada ya nyingine. Moja, ingawa ukubwa wake ulisomeka sawasawa, ilikataa katakata kufunguka. Niliinakili upya kutoka diski ya mwenzangu, nikaijaribu, nikatengeneza na nakala ya tatu ya rekodi zote mahali pengine. Ndipo nikaifuta ile diski.

Enyi wenzangu mnaotafiti fasihi simulizi, mizani miwili ikitofautiana, ulizeni kwanza kila mmoja unapima nini. Hata ikiafikiana, fungueni mzigo mtazame.