Meza ya mama, ghorofa ya 7



Bi harusi akija kupimwa kwetu, mara nyingine tunajua ya moyoni mwake kabla ya mama yake. Ukimzungushia mtu futi kiunoni, mdomo hufunguka wenyewe. Zamani walikuwa wakituhadithia ya mkwe na mawifi tu. Miaka hii ya karibuni yamekuja na mengine: binti amesilimu, anaolewa na kijana wetu, na mama yake mzazi hayumo katika dini. Krismasi ikifika mama anamwita mezani. Aende? Asiende? Akienda ale nini? Tumeulizwa hayo tukiwa na pini mdomoni zaidi ya mara moja, na jibu letu limekuwa refu mno la kusema huku unakunja upindo.

Sisi wawili si masheikh. Tulimaliza skuli, tukasomea ushoni, tukafungua duka. Fatwa tafuteni kwa wenyewe. Tunachoweza ni kukuhadithieni meza moja tuliyoikalia Desemba ya mwaka juzi, Chicago, Marekani, ghorofa ya 7 ndani ya duka la nguo.

Kaka yetu anaishi huko. Mkewe, wifi yetu, alisilimu miaka sita kabla ya safari yetu ile, na toka mwaka ule hakukaa tena na mama yake kwenye chakula cha mchana cha Krismasi. Hawakugombana. Wifi alisema tu, "Mwaka huu siji, mama," na mwaka wa pili mama hakuuliza. Basi pakawa kimya, na kimya cha mama na binti nyinyi mnakijua, kinaweza kukaa nyumbani kama kabati zito ambalo hakuna anayethubutu kulisogeza.

Tulipofika sisi, yule mama alipata sababu. Alimpigia kaka simu, si binti yake, akasema anataka kuwakaribisha wageni waliotoka mbali, sote, pahala ambapo yeye alipelekwa na mama yake, na mama yake alipelekwa na bibi.

Nyumbani tuliyajadili siku mbili. Wifi alikuwa anaogopa, na hofu yake tuliielewa: mtu aliyeingia katika dini kwa miguu yake mwenyewe hulinda mlango kuliko sisi tuliozaliwa ndani. Kaka alikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wao. Aliambiwa kwamba kushiriki katika ibada yao hakuna ruhusa, na kwamba kumtembelea mama na kula naye kilicho halali ni jambo jingine. Wapo masheikh wanaokaza zaidi, khasa siku yenyewe ya sikukuu, nasi tunawaheshimu. Siku yetu ilikuwa Jumatano ya kawaida katikati ya mwezi. Wifi mwenyewe ndiye aliyetukumbusha kisa cha Bi Asmaa binti Abubakar, ambaye mama yake alimjia akiwa bado hajasilimu, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu kumuunga. Alikisema kwa sauti ya chini, kama anajisemea nafsi yake. Kisha akaenda kupiga pasi ushungi.

Duka lenyewe linaitwa Macy's. Lakini ukimwambia hivyo mama yule atakusahihisha: ni Marshall Field's. Jina lilibadilishwa Septemba 2006 na wapo watu wa Chicago waliosimama nje na mabango kulipinga. Mama huyu hakubeba bango, ila toka siku hiyo jina jipya halijamtoka mdomoni. "Tukutane chini ya saa," alisema, na hakuna aliyeuliza saa gani. Ni saa kubwa ya shaba iliyotokeza kwenye pembe ya jengo, juu ya njia, toka mwaka 1897. Mji mzima hukutana hapo. Tulimkuta ameshafika, pua nyekundu kwa baridi, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Ndani, shingo zetu ziliuma kwa kutazama juu. Kuna dari la vioo vya rangi lililotengenezwa na Louis Comfort Tiffany mwaka 1907, vipande zaidi ya milioni 1.6, buluu na dhahabu, vimepangwa kimoja kimoja. Sisi tunaoshona shanga kwenye magauni tuliangaliana. Shanga elfu mbili tu za kifuani hutuchukua wiki.

Mkahawa unaitwa Walnut Room, nao umefunguliwa mwaka huo huo wa 1907. Kuta zake ni mbao za mjozi zilizoletwa kutoka Urusi, nyeusi kidogo, zinang'aa kama mlango wa zamani wa Mji Mkongwe uliopakwa mafuta. Katikati husimamishwa mti wa Krismasi wa futi 45, kila mwaka na mapambo mapya, na meza zinauzunguka. Watu husubiri kwa masaa kupata nafasi. Mama aliweka yetu mapema, na baadaye tukajua kwamba aliomba meza ya pembeni, si ya chini ya mti, na kwamba divai isiletwe. Hakutuambia yeye, mhudumu ndiye aliyetaja.

Sasa tukupeni kisa cha mkahawa huu, kwa sababu sisi wafanyabiashara kilituingia mifupani.

Zamani hizo, mwanamke wa heshima katika miji ya Marekani hakuweza kuingia mkahawani peke yake. Bila mume au kaka alitazamwa vibaya, na pengine hakupokelewa kabisa. Basi anakuja mjini kununua kitambaa, njaa inamkamata saa sita, anarudi kwake. Na pesa zake zinarudi naye. Inasimuliwa kwamba mwaka 1890 palikuwa na muuzaji wa kofia dukani hapo, Bi Hering, aliyekuwa na wateja wamechoka na wana njaa wanataka kuondoka. Akawapa chakula chake mwenyewe alichokuja nacho kutoka nyumbani, pai ya kuku. Wakala, wakabaki, wakanunua, wakawahadithia wenzao. Bwana mmoja wa uongozi, Harry Gordon Selfridge, aliona faida ilipo, na mwaka ule ule duka likafungua chumba cha chai chenye meza chache. Ndiye huyo aliyekwenda London baadaye na kufungua duka la Selfridges mwaka 1909. Tajiri mwenyewe, Marshall Field, inasemekana hakupenda habari ya harufu ya chakula kwenye vitambaa. Hapo tunamuelewa, nasi tumewahi kufukuza mtu na samaki wa kukaanga kutoka kwenye meza ya kukatia.

Lakini fikirini. Muuza kofia! Si mpishi, si tajiri. Mwanamke wa kaunta aliyekataa mteja wake aondoke na njaa. Na kwa sababu yake wanawake wa mji ule wakapata pahala pa kukaa, kula na kuzungumza bila mtu kuwageukia. Sisi tuliolelewa tukijua ni baraza gani mwanamke anakaa na ipi anapita haraka, hatukuhitaji kufafanuliwa.

Ile pai bado inauzwa, na bado ina jina la Bi Hering. Mama aliiagiza, kama anavyoiagiza toka utoto. Kisha akatugeukia na kusema kwamba alipiga simu kuuliza kuku wanachinjwaje, akaambiwa si halali, kwa hiyo amejua sisi hatutakula, naye anasikitika. Wifi alikuwa anasoma orodha ya vyakula. Hakuinua uso, lakini ile karatasi ilianza kutetemeka.

Tuliagiza samaki, viazi na mboga, tukauliza vimepikwa na nini. Mhudumu alikwenda jikoni mara mbili bila kununa. Samaki alikuwa mzuri, tukisema kweli pilipili haikumpitia hata kwa mbali.

Basi pale, mkate ukiwa umefika na samaki bado, mama alisema lililomleta. Alisema miaka sita alidhani binti yake alipobadilisha dini alimbadilisha na mama. Kwamba amehifadhi sanduku la vyombo vya bibi na hajui ampe nani. Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayesoma bei. Wifi akamjibu, "Mimi nilidhani wewe ndiye umeniacha, hukuniita tena." Sisi tuliutazama mti. Kuna wakati mgeni lazima apende mapambo kwa nguvu zake zote.

Aliyetuokoa ni msichana mmoja wa mkahawa, amevaa gauni la hadithi za Kizungu, tulo tabaka kwa tabaka na mbawa mgongoni, anazunguka meza kwa meza na kijiti cha nyota akiwaambia watu watamani jambo. Alitufikia na kijiti chake. Wifi, macho bado yamelowa, akamwambia kwa adabu kwamba sisi tuna kwa kuombea. Mama akacheka kwanza, halafu sote. (Gauni lile mshono wa kiunoni ulikuwa umeanza kuachia. Tungekuwa na sindano tungemsaidia.)

Chicago mwezi wa Desemba jua linatua kama linafukuzwa. Magharibi inaingia saa kumi na dakika ishirini hivi, na Alasiri saa nane na dakika chache. Tulipomaliza kula ilikuwa inakaribia saa tisa. Udhu tulikuwa nao kutoka nyumbani, tumeulinda kwa baridi ile kama yai. Nyumbani ni mwendo wa saa nzima na njia imejaa. Wifi alianza kumueleza mama kwa kuzungukazunguka, na mama akamkatiza: "Unataka kusali? Njoo."

Alitupeleka kwa lifti mpaka sehemu ya nguo za wanawake, akaongea na muuzaji, akasema neno ambalo tulilisikia sote: "Binti zangu wanataka kusali." Tukapewa chumba cha kujaribia nguo, kile kikubwa cha mwisho. Mshale wa simu ukaelekea kwenye kioo. Tukatundika koti la kaka juu ya kioo tusijione, tukatandika mtandio, tukasali kwa zamu, kwani chumba kilichukua mmoja tu anayesujudu. Anayengoja alisimama nje na mama, naye mama alikuwa amebeba makoti yetu yote kifuani, yamemfika kidevuni, amesimama mbele ya mlango kama askari wa Ikulu. Bibi mmoja alikuja na magauni matatu mkononi akataka kupita. Mama akamwambia kuna mtu, asubiri. Akasubiri.

Wifi alikuwa wa mwisho na alichelewa. Tulidhani ni sijda ndefu. Alipotoka hakusema kitu, alichukua makoti mawili kutoka mikononi mwa mama akayabeba yeye.

Kwenye malipo kaka alifanya fujo zake za kiume na akashindwa, mama alikuwa ameshalipa tulipokuwa tunavaa mitandio.

Tuliporudi Unguja tuliweka chupa ya chai na sahani ya mandazi karibu na kiti cha kupimia. Bi Hering ndiye aliyetufundisha, ila kuna faida ya ufundi pia ambayo yeye wa kofia hakuihitaji: bi harusi akipimwa na njaa kiuno hudanganya, na siku ya harusi baada ya biriani zipu inagoma. Mawifi waliokuja kusindikiza nao wanakaa, wanakula, wanaagiza nguo zao. Na wale wanaotuuliza swali la mwanzo tunawahadithia haya, kisha tunawaambia wamuulize mama anapenda kula nini kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote inafaaje.

Sikukuu ya Mfunguo Mosi iliyofuata, wifi alimualika mama. Alimtumia tarehe mbili, akamueleza habari ya mwezi kuandama, na mama akajibu kwamba atapika kwa siku zote mbili kwa usalama. Alikwenda peke yake mpaka njia ya Devon, kwenye maduka ya Waislamu, akanunua kuku wa halali, akamwambia muuzaji ni wa pai na anataka asimkate. Picha tuliipokea mchana, sisi tumeshakula pilau: pai kubwa kwenye sahani ya zamani yenye ukingo wa buluu, ya bibi, imeungua upande mmoja. Kaka alikula vipande vitatu. Aliomba pilipili.