Namba Tisa ya Mjomba

Kwetu Kirewa, katika wilaya ya Tororo, mpira huchezwa Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Timu yetu ina mipira miwili, jezi zilizonunuliwa kwa mchango, na daftari moja. Likizo iliyopita daftari hilo lilikuwa mikononi mwangu. Nilifanywa katibu kwa sababu tu nasoma chuo kikuu, na watu hudhani mwandiko wangu ni mzuri.

Kazi ya katibu ni kuandika majina kumi na moja. Kwa miaka mingi jina moja halikujadiliwa: namba tisa ni Mjomba. Ni kaka yake mama, ana miaka 41, na nilipokuwa shule ya msingi alifunga mabao mpaka watu wa Busia walikuwa wakimwulizia kabla ya mechi. Ndiye pia aliyenilipia karo ya sekondari kwa kuuza mihogo yake. Siku hizi akiukimbilia mpira, beki anafika kwanza. Mechi nne zilipita bila yeye kufunga. Kocha wetu ni mwendesha bodaboda, naye alifundishwa mpira na Mjomba huyo huyo. Akaniita pembeni.

"Wewe ni mtoto wa dada yake," akasema. "Mwambie akae benchi."

Benchi letu ni nyasi chini ya mwembe, mahali wanapokaa wazee, watoto na muuza miwa. Kumpeleka Mjomba pale ni kumtangazia mbele ya kijiji chote kwamba amekwisha. Nilikataa, nikaanza kutafuta mifano ya kumshinda kocha.

Nilianza na Roger Milla wa Kameruni. Alikuwa na miaka 38 katika Kombe la Dunia la 1990, na mabao yake yote manne aliyafunga akitokea benchi. Mfano huu ulimsaidia kocha kuliko mimi, nikaunyamazia. Lothar Matthäus aliinua kombe lile lile akiwa nahodha na kiungo wa Ujerumani. Baadaye alirudi nyuma kuwa beki wa mwisho, na mwaka 2000 alikuwa bado anaichezea nchi yake akiwa na miaka 39. Denis Onyango wetu aliiaga timu ya taifa mwaka 2021, kisha akarudi kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 akiwa na miaka 40. Lakini Onyango ni kipa, na kipa hana pa kuhamia: ama yuko golini, ama hayuko.

Nikapendekeza Mjomba awe beki kama Matthäus. Kocha akacheka.

"Mshambuliaji mzee akichelewa, tunakosa bao. Beki mzee akichelewa, tunafungwa. Nyuma yake kuna nani?"

Sikuwa na jibu. Basi Jumapili iliyofuata nilichora uwanja katika daftari, na kila mara Mjomba alipogusa mpira niliweka nukta. Mechi ilipokwisha nukta zilikuwa 26. Karibu na goli la wapinzani zilikuwa mbili tu. Nyingine karibu zote zilikuwa katikati ya uwanja na nyuma kidogo, na pasi nyingi kutoka hapo zilifika. Mjomba alikuwa ameshahama mwenyewe! Sisi tulikuwa tunabishana tumpeleke wapi, na miguu yake ilikuwa imeamua zamani. Tatizo lilikuwa pale alipotoka. Hakuna aliyethubutu kupaingia. Binamu yangu wa miaka 17, anayecheza pembeni kulia, alikuwa akikaribia katikati anasimama kana kwamba kuna ua.

Jioni moja nilimkuta Mjomba akianika mihogo, nikamwonyesha daftari. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unanihesabu?"

"Ndiyo, Mjomba."

Nilijisikia vibaya. Nyumbani tulilelewa tukikatazwa kuhesabu watu, na mimi nilikuwa nimemhesabu mtu aliyenisomesha, nukta kwa nukta, kama mkopo. Akaendelea kupanga vipande vya mihogo bila kunitazama. Mwishowe akauliza, "Na jezi?"

"Jezi ni yako."

"Basi mwambie huyo mtoto aingie kati. Akiogopa, nitamfukuza mimi."

Jumapili iliyofuata nilimwandika binamu mbele na Mjomba nyuma yake, namba tisa ikiwa bado mgongoni mwake. Watazamaji hawakuona badiliko lolote. Mzee mmoja chini ya mwembe alilalamika tu kwamba siku hizi Mjomba anawakimbia mabeki. Tulitoka sare, 1–1. Binamu alifunga moja na kukosa mawili ambayo Mjomba wa zamani asingeyakosa, na kila alipokosa, Mjomba wa sasa alimkemea kwa sauti iliyofika barabarani.

Zikibaki kama dakika ishirini, Mjomba aliinua mkono mwenyewe akaomba kutoka. Alikuja akaketi karibu nami kwenye nyasi, anahema, jezi imelowa. Hakusema habari ya miguu. Alinyoosha mkono kuomba daftari, aone leo ni nukta ngapi.

Nilimwambia leo sikuhesabu. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Zilikuwa 31.